Tovuti isiyo na wageni: tunayoambiana Mtwara na yalivyo kweli

Mama mmoja mbanguaji wa korosho, mkazi wa Chikongola hapa Mtwara mjini, aliniita nyumbani kwake akiwa na hasira ya haki kabisa. Alikuwa amemlipa kijana amtengenezee tovuti. Ikatengenezwa, ikapendeza, na kwa miezi mitano hakupokea hata simu moja iliyotokea humo. Akaniuliza, "Mwanangu, hebu niambie, hili duka liko barabarani au liko porini?"

Nilichukua simu, nikafungua Google, nikaandika neno site, nukta mbili, kisha jina la tovuti yake bila kuacha nafasi. Ni njia ya haraka ya kuona Google inazijua kurasa zipi za tovuti fulani. Haikuja hata moja. Duka lilikuwa porini.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyaweka akilini maneno ninayoyasikia kwa wenye nyumba za wageni Mikindani, kwa wachonga vinyago, kwa vijana wanaowatembeza watalii Kilwa. Wengi wanayasema kwa nia njema. Lakini yamewala watu pesa, na mbaya zaidi yamewavunja moyo, wakaacha kuandika mambo ambayo ni wao tu wanayajua. Naanza na lile lililomuumiza mama.

"Tovuti ikishakuwa hewani, watu watakuja wenyewe"

Google ina programu iitwayo Googlebot, ambayo kazi yake ni kupita mtandaoni ikifuata viungo (yaani link, zile unazobofya) kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Inachokisoma kinawekwa kwenye fahirisi, yaani daftari la Google la kurasa inazozijua. Mtu anapotafuta kitu, anatafutiwa ndani ya fahirisi hiyo. Ukurasa ambao haumo hauwezi kuonekana, hata uwe mzuri kiasi gani.

Kosa la mama wa korosho lilikuwa dogo la kusikitisha. Tovuti yake imejengwa kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, na kwenye mipangilio kuna kisanduku kinachoziomba injini za kutafutia zisiiweke tovuti kwenye fahirisi. Mafundi hukitia tiki wakati wa ujenzi ili kazi isionekane kabla haijakamilika. Fundi wake alimaliza, akachukua chake, akasahau kuitoa ile tiki. Kuiondoa kulituchukua chini ya dakika moja.

Nikamfungulia pia Google Search Console. Ni huduma ya bure: unathibitisha kwamba tovuti ni yako, unawasilisha faili la ramani yake, yaani orodha ya kurasa zake, kisha unaanza kuona watu walitafuta maneno gani ukurasa wako ukajitokeza, na wangapi walibofya. Nashangaa kila ninapokutana na mtu mwenye tovuti ya miaka mitatu ambaye hajawahi kusikia kitu hiki. Ni sawa na kuuza genge bila kuwahi kumsikia mteja akitaja anachotaka.

Kulikuwa na jingine. Jina la biashara, bei na namba ya simu vyote vilikuwa ndani ya picha moja kubwa, kama bango la harusi. Google inahitaji maandishi ya kawaida, yale unayoweza kuyashika kwa kidole na kuyanakili. Na kichwa cha ukurasa, ule mstari mkubwa unaobofywa kwenye majibu ya Google, kilikuwa neno moja: "Karibu". Mtu mwenye shida ya korosho hatafuti neno karibu. Tukakibadilisha kikasomeka "Korosho zilizobanguliwa Mtwara: nzima, nusu na vipande".

"Google anawapandisha wanaomlipa"

Hili nimelisikia hata kwa watu waliosoma. Yapo matangazo ya kulipia, na yanawekewa alama kwamba yamelipiwa. Majibu mengine yote hayauzwi. Google wenyewe wanasema wazi kwamba hawapokei pesa ili tovuti ipitiwe mara nyingi zaidi au ipandishwe. Akija mtu na mkoba begani akakuambia ana mkono wake ndani, na kwamba kwa kiasi fulani atakuweka nafasi ya kwanza, usimpe hela yako.

"Rudia neno mara nyingi, ndipo mashine ikuelewe"

Wapo wanaoandika "nyumba za wageni Mikindani, wageni nyumba Mikindani, nyumba bora ya wageni Mikindani" hadi msomaji anapata kizunguzungu. Wengine wanayajaza maneno hayo kwenye lebo iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, yale maandishi ya kompyuta ambayo msomaji hayaoni. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba lebo ile ya maneno muhimu haiangaliwi katika kupanga majibu. Na kurudiarudia neno kwenye maandishi yenyewe kumo katika orodha yao ya mambo ya udanganyifu. Liweke neno kwenye kichwa, litaje pale linapohitajika, endelea na kazi.

"Kiingereza ndicho chenye wageni"

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo ninapoumia kuliko kwingine kote.

Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Waliofanya kazi ile walikuwa watu wa huku, na mizigo ilibebwa vichwani hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwenda Ujerumani, na mmoja wa dinosaria hao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Berlin, urefu wake kwenda juu ukipita mita 13. Mtoto wa sekondari Mtama au Nachingwea akitaka kujua mjusi wa Tendaguru alipatikanaje, mengi atakayokutana nayo ni ya Kijerumani na Kiingereza. Ukiandika habari hiyo kwa Kiingereza unaingia kwenye foleni nyuma ya makumbusho yenyewe, vyuo vikuu na magazeti ya dunia. Ukiiandika kwa Kiswahili, kwa kina, ukaweka na njia ya kufika kilimani, foleni iliyo mbele yako ni fupi mno.

Kilwa ni vivyo hivyo. Kwamba Ibn Battuta alifika mwaka 1331, kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, hayo yameshaandikwa kila mahali. Lakini mwalimu wa Masasi anayetaka kuleta wanafunzi arobaini ana maswali mengine kabisa. Kibali kinakatwa wapi pale Kilwa Masoko kabla ya kuvuka? Jahazi linabeba wangapi, na upepo wa kusi unasumbua miezi gani? Watoto watakula wapi? Anayevuka kila wiki anayajua haya kama anavyojua viganja vyake, na hajayaandika popote.

Yule mama naye. Wanunuzi wa mbali huuliza korosho za W240 na W320. Namba hizo ni hesabu ya punje nzima katika ratili moja, yaani gramu 454 hivi: W240 ni punje 220 hadi 240, W320 ni 300 hadi 320. Kadiri namba inavyopungua, punje ni kubwa na bei inapanda. Yeye anazichambua kwa macho na vidole, haraka kuliko mimi ninavyohesabu. Nilipomwomba anieleze, alizungumza karibu saa nzima: kwa nini mafuta ya ganda yanababua mikono, kwa nini korosho iliyopata unyevu inapoteza mkatiko wake mdomoni, kwa nini ifungwe pasipopenya hewa na mbali na jua isije ikachacha. Nikamwambia, mama, umeshaandika kurasa nne, kilichobaki ni kuzichapa.

Simaanishi Kiingereza kiachwe. Mwenye nyumba ya wageni Mikindani anayewapokea wapiga mbizi kutoka Ulaya anakihitaji, na aweke kurasa za lugha zote mbili, kila moja na anwani yake. Ninachokataa ni ile imani kwamba Kiswahili hakina msomaji. Mkulima wa Tandahimba anayetafuta kwa simu namna ya kukinga mikorosho yake na ugonjwa wa ubwiriunga anaandika swali lake kwa Kiswahili, na anastahili jibu kwa Kiswahili.

"Weka viungo vyako kila mahali"

Dhana hii ina mzizi wa kweli. Larry Page na Sergey Brin walipoianzisha Google mwaka 1998, wazo lao kuu lilikuwa kukichukulia kiungo kama ushuhuda: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi za kuaminika huenda ni wa kuaminika nao. Watu wakaanza kuuza ushuhuda huo. Ndiyo sababu Aprili 2012 Google ilileta badiliko lililopewa jina la Penguin, likazishusha tovuti zilizokuwa zikijipandisha kwa viungo vya kununua na kubandika ovyo. Viungo unavyopachika kwenye maoni ya watu, au hata Wikipedia, kwa kawaida huwekewa alama ya kuziambia injini visihesabiwe kama ushuhuda. Msomaji anaweza kuvibofya, lakini havikupandishi.

Kiungo kimoja kutoka kwa mwenye hoteli aliyewaelekeza wageni wake kwenye ukurasa wako wa boti kina uzito kuliko mamia ya aina hiyo. Nacho hakipatikani kwa kuombaomba. Mtu hukutaja kwa sababu ulichoandika kimemsaidia kazi yake.

"Magrupu ya WhatsApp yanatosha"

Kwa siku ya kwanza, ndiyo, na ninawahimiza watu wayatumie. Ila statasi hutoweka baada ya saa 24, na ujumbe wa grupu hufunikwa na wa harusi na wa msiba kabla ya jioni. Ya humo ndani Google haiyaoni. Ukurasa uliojibu swali huendelea kuletewa watu mwakani, wewe ukiwa umelala. Jambo moja la ufundi: kabla hujatuma kiungo, hakikisha ukurasa una picha yake ya utangulizi na maelezo mafupi, vile vinavyotokea chini ya kiungo kwenye WhatsApp. Kiungo kilicho uchi watu wanakiogopa, na wana haki, kwa utapeli uliozagaa.

"Picha kubwa zinavutia"

Picha ya simu ya siku hizi inaweza kufika MB nne. Weka kumi kwenye ukurasa mmoja na umemtoza msomaji MB arobaini za bando lake, tena akiwa Newala ambako mtandao unapanda na kushuka. Ataondoka. Na Google tangu 2015 inaupa uzito urahisi wa ukurasa kwenye simu, na sasa toleo la simu ndilo inalolisoma kwanza. Punguza picha iwe na upana wa pikseli 1200 hivi na uzito chini ya KB 200. Kuna programu nyingi za bure za kufanya hivyo.

"Unaweza kununua wageni"

Kijana mmoja ninayemfahamu aliuziwa "wageni" kwa maelfu. Takwimu zilipanda siku hiyohiyo, akafurahi, akaniita nione. Tulipoangalia pamoja, karibu wote walikuwa wamefungua ukurasa mmoja na kuondoka ndani ya sekunde mbili, kutoka nchi ambazo hakuna anayesoma Kiswahili. Zilikuwa ni programu, hakukuwa na mtu. Alikuwa na matangazo ya AdSense, mpango wa Google wa kuwalipa wenye tovuti wanaoweka matangazo, na AdSense hufunga akaunti zenye mibofyo ya namna hiyo. Yake ilifungwa. Nilimhurumia kwa dhati, maana makala zake zilikuwa nzuri.

Karibu na hili kuna wale wanaozalisha makala mia kwa akili bandia kwa usiku mmoja. Machi 2024 Google ilitaja waziwazi katika sera zake kwamba kuzalisha kurasa kwa wingi ili kudanganya majibu ni kosa, ziwe zimeandikwa na mashine au na mtu. Tena sasa Google yenyewe inajibu maswali mepesi juu kabisa kwa akili bandia, na wengine hawabofyi chochote baada ya hapo. Hilo ni kweli na linaumiza. Kwa maoni yangu, kinachobaki salama ni kile kinachomtaka mtu awepo: picha ya mzigo wa leo, bei ya wiki hii, jina la gati, uzoefu wa mikono.

Kuhusu kuandika kila siku, sioni haja. Ukurasa mmoja mzuri kwa mwezi, unaorudiwa na kusahihishwa bei zinapobadilika, unashinda thelathini za kulipua.

"Miezi miwili imepita, basi haifai"

Google waliwahi kueleza kwamba maboresho ya namna hii mara nyingi huhitaji miezi minne hadi mwaka ndipo manufaa yaonekane. Watu wa kusini hawapaswi kufundishwa hili. Hakuna anayepanda mkorosho Januari akaenda na gunia ghalani Oktoba ya mwaka uleule, na hakuna anayeung'oa kwa kuwa haukuzaa msimu wa kwanza. Anapalilia, anapogoa, anapulizia salfa.

Nilirudi Chikongola baada ya miezi minne. Tulifungua Search Console pamoja, mama akiwa amevaa miwani yake. Kulikuwa na maswali machache tu, na mojawapo lilikuwa "korosho zilizobanguliwa zinakaa muda gani". Aliyeuliza alibofya. Mama akalisoma swali mara mbili, akaniambia ukurasa ule haujataja za kukaanga, na hizo hazikai muda sawa na zisizokaangwa. Akavuta kiti, akaanza kueleza, nami nikaanza kuandika.