Lindo moja, askari watano

Mwaka wa fedha ukikaribia, wakuu wa polisi wa miji huulizwa wakiongezewa fedha watazifanyia nini. Mimi huwa nachambua makadirio yao kabla hayajafika kwa madiwani, na naona swali hilo linaanzia mwisho. Katika vikosi vingi, sehemu kubwa ya bajeti huwa imeshakwenda kwenye mishahara, marupurupu na pensheni kabla mkuu hajashika kalamu.

Chukua lindo la askari mmoja, usiku na mchana, mwaka mzima. Saa 24 mara siku 365 ni saa 8,760. Askari wa zamu ya saa 8, siku 5 kwa wiki, kwenye karatasi ana saa 2,080. Ondoa likizo, ugonjwa, mafunzo na siku anazoshinda mahakamani akisubiri kutoa ushahidi, tuseme zimebaki 1,700. Ukigawanya unapata askari watano na ushei. Akiajiriwa mmoja tu, lindo hilo litakaa tupu saa nne katika kila tano.

Pengo hilo huzibwa kwa malipo ya saa za ziada, na hapo ndipo ninapomjua mkuu makini. Saa za ziada si ubadhirifu moja kwa moja: kazi ya msimu ikiisha, malipo nayo yanakoma, ilhali ajira mpya inabeba pensheni ya miaka mingi. Kwa hiyo naomba daftari la zamu. Nikikuta majina yale yale yamerudiwa wiki hadi wiki, hadi siku ya sita na ya saba, pengo ni la kudumu na watu wamechoka.

Ruzuku za kuajiri nazo zina mtego wake, maana fedha hizo zinakoma na askari anabaki akidai mshahara.

Kinachoniuma zaidi ni mahali makato ya bajeti yanapoangukia. Jaribio la Kansas City, Marekani, la 1972 hadi 1973, lilionyesha kuwa kuongeza au kupunguza doria ya kawaida ya magari hakukubadilisha uhalifu kwa kiasi cha maana. Hata hivyo doria ni vigumu kuigusa, kwa sababu raia wanaiona. Mafunzo hayaonekani, basi hukatwa mapema, na wakili wa mlalamikaji anapouliza askari alifundishwa lini mara ya mwisho kumtuliza mtu mwenye ugonjwa wa akili, fidia inalipwa na mji ule ule uliobana matumizi.