Je, wajua? Kwanini mjukuu wa mfalme wa Korea alikufa Hiroshima akiwa afisa wa jeshi la Japani

Huyu jamaa anaitwa Yi U, kazaliwa 1912, babu yake ni Gojong aliyewahi kuwa mfalme na baadae kaisari wa Korea. Sasa miaka 2 kabla hajazaliwa Japani ilishaimeza Korea nzima, na ile familia ya kifalme hawakuiua wala kuifukuza, waliiachia vyeo na posho ila watoto wakawa wanapelekwa Japani kusoma, na wa kiume wanaingizwa jeshini kama wanavyofanyiwa watoto wa ukoo wa kaisari wa Japani. Kwa hiyo wanaomwita msaliti mi naona wanamwonea kabisa, alichukuliwa mdogo, chuo cha kijeshi hakuchagua yeye.

Alichochagua ni mke. Wajapani walipenda hawa wana wa mfalme waoe kwao, baba yake mdogo Yi Un alishaozeshwa binti wa ukoo wa kaisari mwaka 1920, lakini Yi U akakomaa mpaka 1935 akamuoa Mkorea mwenzake, Park Chan-ju, wakapata watoto wawili wa kiume.

Vita vikampeleka China, halafu 1945 akahamishiwa makao makuu ya jeshi pale Hiroshima, cheo luteni kanali. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti alikuwa juu ya farasi anaenda kazini bomu la atomiki likashuka. Walikuja kumkuta karibu na daraja kando ya mto, ameungua, wakamvusha hadi kisiwa cha Ninoshima, alfajiri ya tarehe 7 akafariki, miaka 32 tu. Mpambe wake Mjapani, ambaye kila siku walikuwa wanaenda pamoja kwa farasi, siku hiyo miguu ilikuwa inamsumbua akatangulia kwa gari, basi akapona. Bosi wake alipokata roho naye akajiua. Hapo huwa nanyamaza kidogo kila nikisoma.

Mwili wa Yi U ulirudishwa kwao Korea kwa ndege na mazishi yakapangwa Seoul tarehe 15 Agosti, mazishi ya kijeshi, waandaaji ni jeshi la Japani lenyewe. Saa sita mchana siku hiyo hiyo redio ikatoa sauti ya kaisari Hirohito anatangaza Japani imekubali kushindwa, na muda mfupi baadae wakamzika.