Funika jina la fani, sikiliza zamu

Ukitaka kujua kama fani mbili za wahusika katika mchezo wa kuigiza, yaani aina zao kama askari au mganga, zinatofautiana kweli, funika majina yake kwenye karatasi, halafu wasikilize wachezaji zamu zao zikifika. Wa kwanza akisema "nampiga, natupa dadu," na wa pili naye akisema "nampiga, natupa dadu," hapo una fani moja iliyovaa mashati mawili. Haisaidii kwamba mmoja umempa panga na mwingine mkuki.

Nawaandikia wanaotunga michezo ya kuigiza ya mezani, ile ambayo mwendeshaji anasimulia ulimwengu na wenzake wanne au watano kila mmoja anabeba mhusika wake. Rasimu nyingi ninazoletewa hapa Mwanza zinatofautisha fani kwa namba: askari anaposhambulia ana nyongeza ya pointi 2 juu ya alichotupa kwenye dadu, mwindaji 1, mganga hana kitu. Sasa piga hesabu. Kwenye dadu ya pande 20, pointi moja ni asilimia 5, kwa hiyo nyongeza ya askari inageuza matokeo mara moja katika mitupo 10. Akitupa mara 20 jioni nzima, ameuonja uaskari wake mara mbili, tena bila kujua ni mitupo ipi.

Na wengi wetu hatuna dadu ya pande 20, tunatupa mbili za ludo. Huko mambo ni tofauti: kupata 8 au zaidi ni nafasi 15 kati ya 36, lakini ukiongeza pointi moja tu zinakuwa 21. Kwa hiyo ukichukua namba za mchezo wa pande 20 ukazihamishia kwenye ludo zilivyo, utapata askari asiyeshindika. Ila hata huyo asiyeshindika bado anasema "nampiga, natupa dadu."

Tatizo lingine ni la zamani. Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, mchezo maarufu wa aina hii, ilikuwa na fani tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi aliingia katika kitabu cha nyongeza cha mwaka 1975, akiwa na asilimia zake za kupanda kuta, kujificha na kufungua kufuli. Swali likazuka mezani: kama kupanda ukuta ni kazi ya mwizi, mpiganaji hapandi tena? Kila uwezo unaoupa fani moja peke yake, umewanyang'anya waliobaki. Kwa mji wetu wa mawe hilo ni zito. Mtoto wa Mabatini anapanda mwamba kwenda nyumbani kwao kila siku, halafu wewe umwambie mhusika wake hawezi kwa sababu si mwizi? Mpe mwizi kitu kingine. Kupanda kuwe kwa wote, yeye apande bila kusikika.

Toleo la nne la mchezo huo, la mwaka 2008, lilizipanga fani kwa majukumu yaliyo wazi: huyu anakinga, huyu anaumiza, huyu anawainua wenzake, huyu anatawala uwanja. Mimi naupenda mpango ule kuliko watu wengi. Lakini fani zote zilipewa muundo uleule wa uwezo, mwingine wa kila zamu, mwingine wa mara moja kwa pambano, mwingine wa mara moja kwa siku, na wachezaji wengi wakalalamika kwamba zinafanana mkononi. Majukumu yalitofautiana, maamuzi hayakutofautiana vya kutosha.

Kwa hiyo ninapotunga fani naanza na uamuzi unaomtesa mchezaji. Katika mchezo wangu wa visiwani kuna mvuvi wa dagaa. Silaha yake ni karabai. Kila zamu anaamua mwanga uwe mkubwa kiasi gani: akiukuza, wenzake wote wanaona na viumbe vya ziwani vinavutwa juu ambako vinapigika, lakini naye anaonekana toka mbali na mafuta ya taa yanaisha. Akiufifisha, kundi linapita salama likipapasa. Wavuvi huingia ziwani usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka taa haivuti kitu, na kanuni inafuata hivyo hivyo: mwezi mpevu unamnyima nusu ya nguvu zake. Basi safari nzima inapangwa kwa kumtazama yeye, na kundi linagombana kama lingoje siku tatu au liondoke leo. Ugomvi huo haukuhitaji nyongeza hata moja.

Fani ya pili nimeichota kwa Bayeye, wacheza na nyoka wa Kisukuma ambao pia hutibu walioumwa na nyoka. Mhusika anabeba vibuyu vichache vya sumu. Kibuyu kimoja kinaua au kinaponya, si vyote viwili. Mwenzake akiwa amelala chini na adui akiwa amesimama, uso wa mchezaji unakueleza kama fani imefanya kazi.

Iliyonisumbua ni mcheza ngoma. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma ya Kisukuma, anayeshinda ni aliyevuta umati mkubwa, basi nguvu zake nikazihesabu kwa watazamaji: mwaloni, sokoni, kwenye kivuko, yeye ndiye mkubwa kuliko wote. Ila ndani ya pango hana mtu. Wengine watasema fani isiyofaa pangoni ni mbovu, na kwa mchezo wa mapango matupu wako sahihi. Mimi nimemruhusu kuhesabu maadui kama umati, mradi kundi lake liwe halijamgusa hata mmoja wao. Tangu hapo wanaomchagua wanawasihi wenzao wasianze kupiga, na mwenye panga ananuna.