Mama wa Arabika ni Mmea wa Kanda ya Ziwa

Kahawa chungu inayonywewa vijiweni Kirumba na Mlango Mmoja, hapa Mwanza, hutokana na mibuni ya aina mbili tu, robusta na arabika. Duniani kuna zaidi ya spishi 120 za mibuni, na nyingi bado ni za msituni. Mmojawapo, Coffea eugenioides, huota kiasili magharibi mwa Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Huyu ndiye mama wa arabika: zamani sana alichanganyika na robusta, arabika ikazaliwa.

Kahawa yake ni tamu, haina uchungu mkali, na kafeini yake ni ndogo kuliko ya arabika. Mwaka 2021, Diego Campos wa Colombia alitwaa ubingwa wa dunia wa waandaaji kahawa mjini Milan kwa kutumia eugenioides iliyolimwa kwao. Inaniuma kwamba mmea wa misitu yetu umethaminiwa kwanza ng'ambo.

Ukitaka kuujaribu, tafadhali usiende kung'oa miche msituni. Katika hifadhi ya misitu ni kosa kisheria bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na mimea yenyewe inapungua kila misitu inapofyekwa. Tafuta mbegu kupitia watafiti, kwa mfano Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), kituo cha Maruku, Bukoba. Mbegu ya kahawa ikikauka kupita kiasi hupoteza uhai, kwa hiyo isikae sana kabla ya kuingia kitaluni.

Panda mibuni kadhaa iliyotokana na miti tofauti. Arabika hujichavusha yenyewe. Eugenioides haiwezi, na mti ulio peke yake utachanua vizuri na usikupe matunda ya maana. Mwanza ipo takribani mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, mwinuko ambao mmea huu unaumudu, lakini kiangazi cha Juni hadi Septemba ni kikali kwa mmea wa msituni. Uweke chini ya kivuli cha miti au migomba, tandaza majani shinani, mwagilia.

Mavuno ni haba mno, basi usifyeke shamba la mihogo kwa ajili yake. Mistari michache nyuma ya nyumba yatosha kwa kuanzia. Punje zake ni ndogo kuliko za robusta na huungua upesi: kaanga kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuacha.