Kwa nini nyama huteleza ikikaa kwenye friji?

Chukua kipande cha nyama kilichokaa kwenye friji kama wiki hivi, ukiguse kwa kidole. Kinateleza, na ukiinua kidole unavutika uzi mwembamba kama wa mlenda. Uzi huo umetoka wapi?

Kwa miaka mingi niliamini ni maji ya nyama yenyewe, yametoka yakaganda kwa baridi. Niliosha kwa ndimu na chumvi, nikabandika sufuria. Nilikosea: ute huo hutengenezwa na bakteria. Na kosa lenyewe lilitokana na imani nyingine ambayo bado naisikia kila mahali: kwamba friji huua bakteria, au angalau huwalaza wote. Friji haiwaui. Baridi ya nyuzi 4 huwazuia baadhi tu. E. koli, bakteria wa utumboni, kwa mfano, huacha kuongezeka joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Lakini bakteria wa jamii ya Pseudomonas, wanaoishi udongoni, majini, kwenye mboga na kwenye ngozi za wanyama, huendelea kuzaana hata kwenye nyuzi 0. Machinjioni huwa ni wachache katikati ya umati. Ndani ya friji washindani wao wanasimama, na nyama yote inabaki yao.

Polepole yao nayo isitudanganye. Tuseme bakteria mmoja anajigawa kila baada ya saa 8. Kwa siku 7 atajigawa mara 21, na uzao wake utapita milioni 2. Harufu mbaya huanza wakifika kama milioni 10 kwa kila sentimita ya mraba, pale sukari ya nyama inapowaishia wakaanza kula protini. Ute unaoonekana kwa macho huja baadaye, kwenye milioni 100 hivi. Ndiyo maana pua hujua kabla ya kidole.

Wanaihimilije baridi? Weka mafuta ya nazi na mafuta ya alizeti kwenye friji usiku kucha. Asubuhi ya nazi yamekuwa jiwe, ya alizeti bado yanamiminika. Ngozi ya bakteria nayo ni ya mafuta, na ikiganda, chakula hakipiti. Pseudomonas hubadilisha mafuta ya ngozi yake kadiri baridi inavyozidi, yakawa ya namna ya alizeti.

Sasa ule ute. Bakteria mmoja mmoja anayeelea huchukuliwa na maji, kwa hiyo kwanza lazima ajishikize. Hapa ndipo pana jambo lililonifanya nipende habari hizi. Maabara ya George O'Toole, chuo cha Dartmouth, Marekani, ilichunguza Pseudomonas fluorescens ikakuta anabeba protini ndefu iitwayo LapA. Ifikirie kama kamba ya nanga: ncha moja imefungwa chomboni, nyingine imeshika mwamba. Humo humo chomboni kuna kisu, kimeng'enya LapG, ambacho kazi yake ni kuikata kamba hiyo. Na kuna baharia, LapD, anayekishikilia kisu kisifike kwenye kamba. Hali ikiwa nzuri, ndani ya bakteria hujaa kijumbe kidogo cha kemikali, na baharia anakaza mkono. Kijumbe kikipungua, mkono unalegea, kisu kinakata, chombo kinaondoka. Kiumbe kisicho na ubongo kinaamua kutia nanga au kung'oa! Niseme wazi kwamba uzao uliochunguzwa ulitoka udongoni, si kwenye nyama, na si bakteria wote wa friji wenye kamba hiyo.

Wakishatia nanga, wanajenga. Wanatoa sukari ndefu zinazonata, protini, hata nyuzi za DNA za wenzao waliopasuka. Nyuzi ni kama fito, sukari ni udongo wa kukandika, na sehemu kubwa ya jengo lote ni maji, ndiyo sababu linateleza. Wataalamu huliita utando. Kuna wanaojenga zaidi kwenye baridi kuliko kwenye joto. Lakini Listeria, bakteria anayeleta ugonjwa hasa, kwa kawaida hujenga taratibu sana kwenye nyuzi 4, ingawa anaendelea kuongezeka.

Utando huo huota pia kwenye rafu ya friji na ubao wa kukatia. Ukimwagia dawa ya klorini juu yake, klorini inamalizikia kwenye ute kabla ya kuwafikia walio chini. Sugua kwanza kwa sabuni na brashi, suuza, ndipo utie dawa. Na nyama iliyokwisha kuteleza, ndimu haiirudishi ilivyokuwa.

Sangara wa Ziwa Victoria, anayetoka kwenye maji ya nyuzi 25 hivi, hukaa kwenye barafu hadi wiki 3 au 4 kabla ya kuharibika. Samaki wengi wa bahari baridi za kaskazini hawavuki sana wiki 2. Wapo wanaotaja sababu nyingine pia, lakini maelezo ya kawaida ni haya: bakteria wa samaki wa kaskazini wameizoea baridi tangu baharini, na wa sangara wanaikuta kwa mara ya kwanza ndani ya sanduku la barafu.