Je, Wajua Kwa Nini Viendeshi vya Visanisi Usemi Katika Linux Viliacha Kuiba Poti ya Siriali?

Speakup ni kisoma skrini kinachokaa ndani ya keneli ya Linux yenyewe, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji, na kwa sababu hiyo kinaweza kumsomea mtu asiyeona maandishi ya konsoli (skrini ya maandishi matupu) hata pale ambapo mfumo wa madirisha haujaanza kufanya kazi. Kiliandikwa kwa ajili ya visanisi usemi, yaani vifaa kama DECtalk, iliyotolewa na Digital Equipment Corporation mwaka 1984, ambavyo hupokea herufi kupitia waya wa siriali na kuzitamka.

Kwa miaka mingi viendeshi vya Speakup, yaani programu zinazoongoza vifaa hivyo, vilishughulika na chipu ya siriali moja kwa moja. Ili kutuma herufi moja, kiendeshi kilisoma rejista ya hali (sehemu ya chipu inayoonyesha hali yake), ambayo kwenye poti ya kwanza ya PC ipo hatua tano juu ya anwani 0x3f8, kikaangalia kama chipu ina nafasi, kisha kikaandika baiti. Nafasi ilipokosekana, kilizunguka palepale kikihesabu mikrosekunde. Tatizo ni kwamba keneli ina kiendeshi chake cha siriali, ambacho kwa kawaida huwa kimekwisha kuisajili poti hiyo. Speakup ilipoikuta imeshikwa, iliandika kwenye kumbukumbu za mfumo kwamba poti hazipatikani na kwamba inajaribu kuziiba, kisha ikaziiba kweli. Ni nadra msimbo kukiri wizi waziwazi namna hiyo.

Ila kinachoibika ni kile tu chenye anwani inayojulikana. Adapta ya kuunganisha kifaa cha siriali kupitia USB haina 0x3f8, kwa kuwa data zake hupita kwa pakiti chini ya kiendeshi kingine kabisa. Hivyo kompyuta zilipoanza kuundwa bila poti za siriali, mwenye kisanisi kizima alikosa pa kukichomeka.

Mwaka 2017 viendeshi vya visanisi vya nje vilianza kuhamishiwa kwenye mfumo wa TTY, tabaka la keneli linalosimamia poti zote za aina hii. Kazi haikuwa nyepesi, kwani TTY ilijengwa ikitarajia kufunguliwa na programu ya mtumiaji, wala si na keneli. Ndipo ilipoongezwa tty_kopen, inayoiwezesha keneli kuishika poti peke yake, na programu yoyote inayoitaka wakati huo hujibiwa kwamba poti ina shughuli.

Upande wa kupokea nao ulihitaji uangalifu. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, waya hupitisha takribani herufi 960 kila sekunde, kasi ambayo hakuna usemi unaoifikia, hivyo kisanisi kinapojaa hutuma baiti yenye thamani 19 kuomba kusubiriwa na baiti yenye thamani 17 kuruhusu kuendelea. Vingine pia hurudisha alama za kuonyesha usomaji umefika wapi. Speakup ikapewa tabaka lake dogo juu ya TTY la kuzipokea baiti hizo.

Tangu hapo mtumiaji huandika tu jina la poti, kwa mfano dev=ttyUSB0, anapopakia kiendeshi, na kiendeshi hakihitaji kujua ni chipu gani iliyo chini yake. Gharama ipo: Speakup sasa haiwezi kuanza kusema kabla kiendeshi cha poti husika hakijawa tayari, na kwa USB hilo huchelewa. Kadi za usemi za kuchomekwa ndani ya kompyuta hazikuguswa na mabadiliko haya, kwa kuwa zina anwani zao wenyewe na hazimnyang'anyi mtu poti.