Barua pepe ikijifunga, si lazima iwe virusi

Programu ya barua pepe ikianza kujifunga yenyewe kwenye kompyuta ya zamani, hapa Mwanza hukumu hutoka haraka: "Virusi hivyo, piga Windows upya." Mara nyingi si kweli, na kupiga Windows bila kunakili barua ndiko kunakozipoteza.

Juzi nilikaa na mama mmoja muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba. Kompyuta yake, yenye vumbi hadi ndani ya feni, ilikuwa ikifunga Thunderbird, programu yake ya barua pepe, kila anapobonyeza Inbox. "Lakini mwanangu, mimi barua nafuta kila siku," akaniambia. Kumbe kiini kiko hapo. Thunderbird kwa kawaida huweka folda nzima ndani ya faili moja. Barua uliyofuta hufichwa tu, bado imo mpaka folda igandamizwe (Compact), yaani zilizofutwa ziondolewe kabisa ndani ya faili. Faili lake lilikaribia GB 4, na diski yake ilikuwa ya FAT32, mpangilio wa zamani wa diski usiopokea faili kubwa zaidi ya hapo.

Kwanza tulinakili barua zote kwenye diski ya nje. Kisha nikafungua programu huku nimeshikilia Shift, ili iamke bila viongezi, yaani vijiprogramu vya nyongeza vilivyowekwa ndani yake. Ingetulia, mkosaji angekuwa kiongezi. Haikutulia. Tukafuta faili la Inbox linaloishia na .msf, ambalo ni faharasa tu ya barua na hujengwa upya lenyewe, tukahamisha barua za miaka ya nyuma, tukagandamiza folda. Ikafunguka.

Feni tuliipuliza vilevile, japo haikuwa na kosa.